Pumzi Zilizobaki

Mtu wa kwanza kuzimikiwa na kipumuo alikuwa mzee mmoja wa Katesh. Alikuwa kanisani, amesimama kwenye kwaya akiimba besi, na waliokuwa karibu naye walidhani amesahau maneno. Mdomo ulifunguka, sauti haikutoka, kisha akaketi taratibu kama aliyechoka kusimama. Bahati yake, kwenye benchi la nyuma alikuwapo muuguzi. Alimlaza chini, akampulizia pumzi mdomoni, na gari la hospitali lilipofika wakaendelea na mfuko wa mpira wa kupulizia hewa mpaka wodini. Mzee alipona. Kipumuo chake ndicho kilichokataa kuamka.

Jumatatu, chai ya ofisini ikiwa bado haijaletwa, Fabiola Tluway alikuwa ameshajua sababu, na kuijua kulimfanya atamani asingeijua.

Tangu ziwa lilipokauka na vumbi lake jeupe kuanza kupanda bondeni kila kiangazi, maelfu ya watu wa Manyara walikuwa wameharibika mapafu. Kipumuo kiliwarudisha mashambani, madarasani, kwenye kwaya. Kilikuwa kidude cha ukubwa wa kokwa ya embe, kinapandikizwa chini ya mtulinga, ule mfupa wa begani, nacho huisukuma misuli ya kifua pale inapochoka. Programu iliyomo ndani yake ilihesabu kila pumzi. Waliotunga toleo la saba la programu hiyo waliweka kihesabio kidogo mno, na kikijaa, badala ya kuanza upya, kipumuo chote kililala. Cha mzee wa Katesh kilikuwa kimejaa katikati ya wimbo.

Toleo la nane lilikuwa tayari. Asubuhi hiyo hiyo walilijaribu kwenye kipumuo cha mzee na kikaamka. Kazi iliyobaki ilikuwa kuvifikishia vingine vyote, elfu tisa na ushei, kupitia minara ya mawasiliano ambayo nayo vumbi lilikuwa limeila, kiasi kwamba kila mnara uliweza kuhudumia kipumuo kimoja tu kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo swali lilikuwa nani aanze.

Vipumuo vyote viliorodheshwa kwenye Ghala, na Ghala halikuwa chumba chenye rafu bali seva zilizokuwa zikivuma chini ya jengo lao pale Babati. Ofisi, hospitali au programu yoyote iliyotaka taarifa iligonga mlango mmoja, ule waliouita API kama watu wa kompyuta kila mahali. Unatuma ombi, unasema unataka vipumuo vipi, na vije kwa mpangilio gani, nalo Ghala linajibu kwa kurasa, mia mia. Fabiola ndiye aliyeutunza mlango huo kwa miaka sita. Aliomba vipumuo vyote vya toleo la saba, na majibu yakaja kwa mpangilio wa kawaida: kilichoripoti karibuni kwanza, kilichoripoti zamani mwisho.

Alitazama ukurasa wa kwanza na kuona wote ni wa Babati mjini, watu wanaokaa chini ya mnara, wenye vipumuo vinavyoripoti kila dakika. Ilimwingia akilini kwamba mpangilio ule, uliowekwa na mtu asiyefikiria kufa na kupona, ungewaokoa kwanza waliokuwa karibu na kuwaacha wa mabondeni mpaka kesho. Akaandika ombi upya. Safari hii alitaka vipangwe kwa pumzi zilizobaki kabla ya kihesabio kujaa, kuanzia chache kwenda nyingi.

Sura ya ukurasa ikabadilika kabisa. Juu alikaa mwanamke wa Dongobesh ambaye kihesabio chake kingejaa mchana huo. Chini yake mkulima wa vitunguu wa Basotu. Fabiola alishusha pumzi, akamwita mkuu wa kituo.

*

Daktari Hamdani Loya alikuwa mtu wa Kondoa, mrefu, mtaratibu, mwenye tabia ya kusoma kila kitu mara mbili. Alisoma orodha mara mbili, akasema mpangilio ni wa haki, kisha akauliza mbona vipumuo vilivyotengenezwa ni vingi kuliko vilivyo kwenye majibu.

Fabiola alikuwa akilisubiri swali hilo. Alimweleza kwamba pengo lile ni watu walio nyuma ya pazia.

Sheria ya Ghala ilimpa kila mwenye kipumuo haki ya pazia. Ukiiomba, kipumuo chako kinaacha kuripoti, na ombi lolote linalopita mlangoni linakuruka kama vile hupo. Watu zaidi ya mia mbili walikuwa wameiomba, kila mmoja kwa sababu zake. Kuliondoa pazia kulihitaji funguo mbili, wa mkuu wa kituo na wa mhandisi, yaani Fabiola, na kuliruhusiwa wakati wa maafa tu.

"Basi haya ni maafa," alisema Daktari Hamdani, na mkono wake ulikuwa tayari mfukoni unatafuta ufunguo.

Fabiola alimwomba asubiri. Alimkumbusha kwamba tangu tahadhari ilipotangazwa alfajiri, kila jibu la Ghala linasomwa na ofisi zote za maafa za wilaya kwa wakati ule ule, ili zisirudie kazi. Pazia likiondolewa, jina la mtu, nambari ya kipumuo na mahali alipo vitatokea kwenye skrini zote hizo. Hakuna namna ya kuvirudisha.

Daktari alisema hilo analijua, na linamuuma, lakini maiti haihitaji faragha. Walikuwa wametangaza redioni tangu alfajiri kwamba kila mwenye kipumuo aende zahanati, penye mnara na muuguzi, na wengi walikuwa wakienda. Watu wa pazia hawangeenda, kwa sababu dirishani mtu huulizwa jina.

Simu ya mezani ikalia. Fabiola aliinua, akaisikia sauti aliyokuwa hajaisikia kwa muda mrefu.

Alikuwa Baltazari Deemay, afisa maafa wa wilaya ya jirani. Alisalimia vizuri, akamuuliza habari za Mama, kisha akasema kwa utulivu kwamba skrini yake inaonyesha orodha pungufu. Alitaka kujua kama kituo kinakusudia kuwaacha watu wafe kwa ajili ya kifungu cha sheria.

"Shemeji," alisema, "unajua nani yuko humo. Fungua. Mimi naye yaliyopita yamepita. Nataka tu asife."

Fabiola alijibu kwamba kituo kitatoa uamuzi, akaweka simu chini.

Dada yake Emiliana alifundisha kemia sekondari, na alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kupandikizwa kipumuo. Aliolewa na Baltazari. Mara mbili katika mwaka mmoja Fabiola alimpeleka hospitali, mara ya kwanza mkono, mara ya pili taya, na mara zote mbili Emiliana aliandikisha kwamba ameteleza. Kisha siku moja aliaga darasa lake kama kawaida, akaomba pazia, akatoweka. Huu ulikuwa mwaka wa nne bila neno. Fabiola hakujua kama yuko Arusha au Kigoma au ng'ambo ya mpaka, wala kama bado anapumua.

Kilichomtesa pale mezani ni kwamba maneno ya Baltazari yalikuwa na ukweli. Emiliana angeweza kufa kwa kufichwa. Angeweza pia kufa kwa kupatikana. Na huenda Baltazari mwenyewe, wakati anayasema yale, aliyaamini.

*

Aliutazama tena ule mwongozo wa API ambao sehemu yake kubwa aliuandika mwenyewe, akiupitisha macho bila kuusoma hasa, mpaka akafika kwenye kifungu ambacho karibu hakuna aliyekitumia. Mtu akituma ombi, angeweza kuchagua sehemu za taarifa anazozitaka. Asipochagua, Ghala humletea zote. Watu walizoea kutochagua, kwa kuwa ni rahisi.

Alimwambia Daktari Hamdani kwamba wanaweza kuliondoa pazia na kuomba nambari ya kipumuo peke yake, pamoja na tarehe ya kupandikizwa. Jina wasiliombe. Mahali wasipaombe. Kisichoombwa hakitoki mlangoni, na kisichotoka mlangoni hakifiki kwenye skrini ya mtu yeyote.

Daktari alifikiri. Kisha akauliza watatumaje toleo jipya kwa mtu wasiyejua yuko chini ya mnara upi.

Hapo wakamwita Restituta Bura, mwendesha minara, mama wa makamo aliyekuwa hakosi karanga kwenye mfuko wa koti. Aliwasikiliza huku akitafuna, akasema linawezekana. Minara yote ingeita nambari moja kwa pamoja, na kipumuo chenye nambari hiyo kingeitika popote kilipo, mradi kiko mahali penye mnara, maana cha pazia huacha kujisemea chenyewe lakini hakiachi kusikia wala kuitika kikiitwa. Ila gharama yake ni kwamba wakati minara inamwita huyo mmoja, hakuna mwingine anayehudumiwa. Kila mtu wa pazia angewasimamisha wengine wote kwa dakika nzima, pengine zaidi.

Kwa hiyo swali la nani aanze likarudi, na sasa lilikuwa gumu zaidi. Pumzi zilizobaki za watu wa pazia hazikujulikana, maana vipumuo vyao havikuripoti. Kwenye Ghala nafasi hiyo ilikuwa tupu, na Ghala, likipanga, huziweka nafasi tupu mwisho. Nalo halina ubaya wowote moyoni. Mtu fulani zamani aliamua tu kwamba kisichojulikana kingoje.

Fabiola alipiga hesabu. Tarehe ya kupandikizwa ilikuwapo, na mtu mzima hupumua kwa kiasi kinachokadirika. Aliyewekewa kipumuo miaka mingi iliyopita kihesabio chake kimekaribia kujaa, aliyewekewa juzi bado ana muda. Alijaza zile nafasi tupu kwa makadirio, akaunganisha wote, wa pazia na wasio wa pazia, na kuwapanga upya katika mstari mmoja. Watu wa pazia wakatawanyika. Wengi walikwenda chini kabisa. Kama kumi na wawili walipanda juu, na miongoni mwao, karibu na kileleni, ilikuwapo nambari iliyoishia na saba tatu saba. Fabiola aliijua. Alikuwa amekaa kando ya kitanda siku kipumuo hicho kinapandikizwa, na nesi aliisoma kwa sauti.

Aliinuka kwenye kiti.

"Daktari, kuna jambo lazima ulijue," alisema. "Dada yangu yumo humu. Hesabu yangu imemweka wa tano. Naamini ni hesabu sahihi, lakini mimi si mtu wa kusema aanze nani. Kaa wewe hapa. Ipige upya mwenyewe."

Daktari Hamdani alizunguka meza. Alikaa. Alichukua tarehe, akachukua makadirio ya pumzi, akaipiga hesabu kwa njia yake, na kama kawaida yake akaipiga mara ya pili. Restituta aliacha kutafuna. Mwishowe Daktari alisema kwamba kwa hesabu yake saba tatu saba ni wa nne, si wa tano, kwa sababu Fabiola alimpunguzia dada yake umri wa kipumuo kwa miezi mitatu.

"Ulikuwa unaogopa kumpendelea," alisema, "ukamnyima."

Kisha akautoa ufunguo wake mfukoni na kuuweka juu ya meza, kando ya ule wa Fabiola.

*

Walianza. Mwanamke wa Dongobesh alikuwa wa kwanza, na mstari wake ulipogeuka kutoka manjano kuwa kijani, Restituta alipiga makofi peke yake. Mkulima wa Basotu akafuata.

Kabla ya kuanza kuwaita wa pazia, Fabiola alikuwa amekumbuka tundu moja. Kila kipumuo kinapoitika, jibu huja likiwa na jina la mnara uliolipokea. Jina hilo likiingia Ghalani, ni sawa na kutaja kijiji. Alimwomba Restituta alifute jina hilo kwenye kila jibu la mtu wa pazia, likiwa bado kwenye mitambo yake, kabla halijapanda juu.

"Nikifanya hivyo, mimi nitakuwa nimeliona," alisema Restituta.

"Utaliona mara moja, dada. Halafu usilikumbuke."

Restituta alisema kwamba kwa umri wake hilo si tatizo, akashuka kwenye chumba chake cha chini.

Saba tatu saba ilipofika zamu yake, minara yote ilinyamaza na kuita nambari hiyo moja. Fabiola alisimama nyuma ya kiti cha Daktari, ameshika mgongo wa kiti. Mstari ulibaki manjano. Minara ikaita tena. Alijikuta akifuata kifua chake mwenyewe kinavyopanda na kushuka, na kuona ni kazi kubwa kiasi gani ambayo huwa haifikirii kamwe. Walipoita mara ya tatu, mstari ukawa kijani, na pembeni yake pakatokea neno moja: hai.

Fabiola alichuchumaa pale pale sakafuni kama mtu anayeokota kitu. Daktari Hamdani hakugeuka kumtazama, na kwa hilo alimshukuru.

Sauti ya Restituta ilitoka kwenye kipaza sauti, ya chini kuliko kawaida.

"Fabi. Bado sijalifuta. Ukitaka kujua ni wapi, sema sasa."

Alitaka. Alitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu. Angeweza kupanda basi kesho yake, akamtazama kwa mbali tu, akarudi. Angeweza kumpelekea salamu za Mama. Lakini alijua pia kwamba Emiliana alipolivuta pazia hakuandika kuwa linamhusu Baltazari na halimhusu mdogo wake.

"Futa," alisema.

"Limefutika," alisema Restituta. "Nimwite nani sasa?"

Waliendelea. Walipomaliza ukurasa wa kwanza na kuomba wa pili, Fabiola, ambaye sasa alikuwa amerudi kwenye kiti chake, aliona kitu hakiendi sawa. Aliyekuwa juu ya ukurasa wa pili alikuwa na pumzi nyingi mno kuliko aliyefunga ukurasa wa kwanza. Kulikuwa na watu katikati waliorukwa. Ilimchukua muda mfupi wa hofu kuelewa. Aliomba vipumuo vya toleo la saba tu, na kila kilichotibiwa kilikuwa toleo la nane, kwa hiyo kilitoka kwenye foleni. Mia wa kwanza walipoondoka, mia waliofuata walisogea mbele na kushika nafasi zao, naye alikuwa ameenda kuanzia mtu wa mia na moja. Aliwaambia wenzake kwamba kuanzia sasa wasiombe ukurasa wa pili kamwe. Waombe wa kwanza kila mara, mpaka Ghala lijibu kwamba hakuna mtu. Waliorukwa wakarudi mbele, wakatibiwa wote, wala hakuna aliyezimika.

Baltazari alipiga tena simu, akilalamika kwamba skrini yake inaonyesha nambari tupu zisizo na jina wala mahali. Safari hii Daktari Hamdani ndiye aliyeipokea. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Afisa, hizo ndizo taarifa zinazohitajika kwa kazi hii," alimwambia. "Kama unahitaji zaidi kwa kazi nyingine, andika barua ueleze ni kazi gani." Akamtakia mchana mwema.

Kufika alasiri mistari yote ilikuwa ya kijani isipokuwa mmoja wa mtu wa pazia. Waliita, wakaita tena. Daktari aliwaza kuomba mahali alipo huyo mmoja tu, na safari hii Fabiola mwenyewe hakuwa na hakika ya kupinga. Walikubaliana kujaribu kwanza jambo dogo. Waliwapigia watu wa redio na kuwaomba wabadilishe tangazo: mwenye kipumuo aingie zahanati yoyote, dirishani hataulizwa jina. Zahanati zote zikapewa agizo hilo hilo. Kisha wakaiacha minara iendelee kuita, wakakaa, wakala karanga za Restituta, kila mmoja akijifanya hatazami skrini. Mwito wa swala ya magharibi ulikuwa umekaribia pale mstari ule ulipogeuka kijani. Mtu fulani, mahali fulani, alikuwa ameingia akakaa kwenye benchi, akafungua vifungo vya shati, na hakuna aliyemuuliza.

Daktari Hamdani alivua miwani, akajipangusa uso kwa kiganja, akasema anakwenda kuswali.

*

Fabiola alitoka nje ya jengo. Vumbi lilikuwa limetulia na Mlima Kwaraa ulionekana wote, mpaka msitu wake. Alimpigia Mama simu kijijini, Mbulu.

Mama alikuwa akichambua maharage. Alilalamikia wadudu, akalalamikia jirani, akauliza ni kwa nini redio inapiga kelele za vipumuo tangu asubuhi. Fabiola alimwacha amalize.

"Mama, Emiliana yuko hai," alisema. "Leo tumemfikia. Anapumua vizuri."

Upande wa pili maharage yaliacha kudondoka kwenye bakuli. Fabiola alisikia Mama anavuta pumzi, anaishikilia, kisha anaiachia kidogo kidogo, na nyuma ya pumzi hiyo kuku wakitembea uani. Alijiandaa kwa swali ambalo hakuwa na jibu lake, akaanza kueleza kwamba hajui yuko wapi, hakuna anayejua, walifanya makusudi isijulikane.

"Vizuri," alisema Mama. "Hata siku ukijua, mimi usiniambie. Balta huja kunywa chai hapa kila Jumapili, na mimi nikianza kuongea unanijua." Akajipangusa pua. "Umesema anapumua vizuri?"

"Vizuri kabisa, Mama."

"Niambie tena."

Fabiola akamwambia tena, na akiwa anasema, alisikia maharage yakianza kudondoka bakulini, moja moja, kisha mengi kwa pamoja.